Mwenye Jina Amekuja

Ujumbe ulimkuta Atupele kazini, saa saba mchana, kwenye kliniki ya msaada wa sheria ya chuo kimoja huko Arequipa, nchini Peru. Ulitoka kwa mama yake, na mama yake si mtu wa kuandika. Yule mama hupiga simu, akakupa kwanza habari za kuku, za mvua na za mke wa jirani, ndipo aingie kwenye jambo lenyewe salio likiwa ukingoni. Safari hii aliandika, tena maneno matatu tu: Mwenye jina amekuja.

Atupele aliyasoma mara mbili. Hakuuliza ni mwenye jina gani. Alijua siku nyingi kwamba mtu huyo yupo mahali fulani, anakula, analala, na kwamba ipo siku atapiga hodi.

Ngoja nikupe tangu mwanzo, usije ukapotea. Pale Arequipa hakuna aliyemjua Atupele, na chuoni kwake Dar es Salaam vilevile. Walimjua Ferista. Ferista Enoka Haonga, mwanafunzi wa sheria mwaka wa tatu, binti mpole kutoka Mbozi aliyefundishwa Kihispania na sista mmoja wa Kimeksiko parokiani, akakijua hadi chuo kikamchagua kwenda kusoma muhula mmoja Amerika ya Kusini. Pasipoti ilisema Ferista. Vyeti vyote, kuanzia cha kidato cha nne, vilisema Ferista. Atupele Yonathani Nzunda aliishia darasa la saba, alipofanya mtihani asichaguliwe kwenda sekondari.

Kurudia darasa la saba ilikuwa marufuku, lakini huku kwetu marufuku nayo ina mlango wa nyuma. Baba yake, mzee Yonathani, alifunga jogoo miguu, akabeba na debe la maharage, akamfuata mwalimu mmoja wa kata nyingine. Mwalimu akafungua daftari la mahudhurio, akapitisha kidole kwenye majina ya watoro mpaka akapata moja la kumfaa: mtoto wa kijiji cha Isansa, baba na mama wamekufa, amechukuliwa na shangazi yake Tunduma, hatarudi. "Jina safi hili," alisema, utadhani anauza shati. Jumatatu iliyofuata Atupele, msichana wa miaka kumi na minne, alianza kuitika "nipo" kwa jina la mtoto mwingine na la baba mwingine. Darasani walikuwa wanne wa namna hiyo, na hakuna aliyeshangaa. Watu wazima wote waliohusika walikwenda kanisani Jumapili na kuimba vizuri tu.

Miaka ikapita, jina likamkaa. Sheria ndiyo iliyomharibia usingizi. Mwaka wa kwanza alifika kwenye somo la jinai, akakutana na kughushi, kujifanya mtu mwingine, kuapa uongo, kila kosa na miaka yake ya jela, akatambua kwamba anasoma habari za nyumbani kwao. Tangu hapo kila alipoitwa ofisini, hata kama ni kuchukua fomu, alikwenda akijua anakwenda kukamatwa.

Na siku ile ya ujumbe, ona mambo yalivyo, alikuwa ametoka tu kumhudumia mama mmoja wa milimani, mwenye kofia ya duara na mtoto mgongoni, amembeba vilevile wanavyobeba kijijini kwao Igamba. Mama huyo hakuwa na kitambulisho. Ofisi tatu zilikuwa zimemrudisha kwa sababu mtu mwingine alishaandikishwa kwa jina lake, na sasa hata mtoto kutibiwa ilikuwa mpaka abishane mlangoni. Profesa aliyesimamia kliniki akamgeukia Atupele, mgeni wao kutoka Tanzania, akamuuliza mama huyu afanye nini. Atupele alijibu kwa Kihispania kilichonyooka. Alisema jina la mtu ni haki yake ya kwanza, na aliyelichukua alazimishwe kulirudisha. Profesa alimsifu mbele ya wenzake. Yule mama alimshika mikono yote miwili, akamwita senyorita, akalia. Dakika tano baadaye simu ikatetemeka mfukoni.

Atupele aliingia msalani, akafunga mlango, akapiga nyumbani.

"Mama, amesema nini?"

"Alisimama uani, hakutaka kukaa. Ana mtoto mgongoni. Akauliza, hapa ndipo kwao msichana aliyesoma kwa jina langu? Baba yako akamwambia hapana, umepotea. Akasema, baba, nimetoka shuleni, wenzake waliosoma naye wamenielekeza hapahapa."

"Anataka nini?"

"Anakutaka wewe. Ukirudi umtafute Tunduma, pale Mpemba, anauza vitenge. Anasema hataki kwenda polisi kabla hajakuona." Mama yake akashusha sauti. "Atu, mwanangu, huko hakuna kazi? Usirudi."

Muhula ulikuwa umebakiza wiki saba, na wiki hizo Atupele aliziishi kwa hofu tupu. Chakula kilimshinda. Viazi vya Arequipa, alivyokuwa akiwaambia wa nyumbani kwamba vinavishinda vya Ileje, akawa anavirudisha jikoni. Kila barua pepe kutoka Dar aliifungua akiwa amefumba jicho moja. Mwoga? Ndiyo, alikuwa mwoga, na mimi simlaumu. Kama ni kukamatwa, asingekamatwa peke yake. Mzee Yonathani ndiye aliyeweka dole gumba kwenye maombi ya cheti cha kuzaliwa, akajiita mjomba wa Ferista. Alikuwa na miaka sitini na tisa na kifua kibovu, na Atupele aliyeusoma ule mlango wa sheria aliona waziwazi baba yake akikohoa juu ya sakafu ya saruji.

Alirudi mwezi wa kumi na mbili. Uwanja wa ndege Dar afisa wa uhamiaji alishika pasipoti, akamtazama, akatazama skrini, akamtazama tena.

"Ferista," afisa alisema, akagonga muhuri. "Karibu nyumbani."

Atupele alitembea hatua kumi, akakalia sanduku lake mpaka mwenyewe akashindwa kuelewa kwa nini bado amekaa.

Kule Igamba baba yake alimpokea kwa furaha, na papo hapo akamkataza kwenda Tunduma. Jambo hili, alisema, litakwenda kwa wazee, litakwenda kwa mbuzi, litaisha. Atupele alivumilia siku mbili. Kila pikipiki iliyopita barabarani ilimfanya asimame. Siku ya tatu akaona kusubiri kunamtisha kuliko huyo anayemsubiri, akapanda gari asubuhi bila kuaga.

Pale Mpemba malori yalikuwa yamepanga foleni kuelekea mpakani, madereva wamelala chini ya tela, akina mama wanapita na mahindi ya kuchoma. Aliuliza mara mbili tu. Ferista alikuwa chini ya mwavuli mkubwa wa rangi mbili, mwanamke mfupi mwenye macho matulivu, akimkunjia kitenge mteja wa Kizambia. "Natotela, mayo," mteja alishukuru kwa Kibemba, akaondoka. Ndipo Ferista akainua uso. Hakuhitaji kutambulishwa.

"Umekonda," alisema. "Kwenye picha ulikuwa umejaa."

Atupele alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi.

"Kaa. Sikuli mimi." Ferista alimsogezea ndoo iliyofunikwa ubao. Mtoto wake, wa mwaka mmoja hivi, alikuwa amelala kwenye boksi la mablanketi. "Mimi nilikuwa sijui. Miaka yote nilikuwa napita njia za panya kwenda Nakonde, Zambia, kuchukua mzigo, kama wenzangu. Mwezi wa sita wakanikamata upande wa pili. Nikawaambia mimi ni Mtanzania, naitwa Ferista. Wakasema thibitisha. Nithibitishe na nini? Wakaniweka ndani siku nne. Huyu alikuwa ananyonya, dada. Nilimwacha kwa jirani. Maziwa yakanivimba mpaka nikapata homa."

"Pole," Atupele alisema, na neno lenyewe likamwonea aibu mdomoni.

"Nilipotoka nikaenda kwenye kitambulisho, hapahapa Tunduma. Yule bwana akaandika jina langu, la baba yangu, na kijiji cha Isansa. Akatulia. Akanigeuzia kioo cha kompyuta. Nikaona sura yako. Akaniuliza huyu nani, nikasema simjui. Akaniambia mama, nenda nyumbani kabla sijakuitia polisi, jina hili lina mwenyewe." Ferista alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Nikatoka mbio. Mimi! Nikajiona mwizi. Baadaye nikakumbuka ile shule niliyoiacha, nikarudi kuuliza ni nani aliitikia jina langu."

Atupele alianza kulia. Alisema kila alichopanga kusema: kwamba alikuwa mtoto, kwamba baba ni mzee, kwamba akijitokeza chuo kitamfukuza na vyeti vyote vitafutwa, miaka yote bure. Ferista alimwacha amalize.

"Sikukuita nikufunge," alisema. "Nikikufunga nitapata nini? Kesi ya miaka mitatu, njoo kesho, njoo keshokutwa, na mimi nauza barabarani. Lako liko wapi?"

"Lipi?"

"Jina. Ulilozaliwa nalo. Nani analitumia?"

"Hakuna."

"Basi nipe."

Atupele aliacha kulia.

"Cheti chako cha darasa la saba si kipo? Baba yako yupo hai, ana kitambulisho chake. Aje aseme mimi ni mwanawe. Twende Vwawa, kule hawanijui. Wewe baki Ferista, usome, uwe hakimu. Mimi niwe wewe. Nipate kadi yangu, nivuke mpaka kama mtu."

"Haiwezekani," Atupele alisema. "Kisheria—"

"Kwa nini? Wewe uliwezaje?"

Mwanasheria wetu aliona tu kwamba hofu aliyokuwa nayo tangu Peru imeondoka, na mahali pake pameingia nyingine ambayo hakuwahi kuifikiria. Aliambiwa waende Vwawa Jumatano. Na yeye awepo, Ferista alisisitiza. Kama jina linatolewa, litolewe mbele ya macho yake.

Mzee Yonathani alipoambiwa alipiga magoti palepale jikoni, akamshukuru Mungu. "Ni karatasi tu, mwanangu," alisema. "Kwani mimi nitakusahau? Karatasi ni ya serikali, mtoto ni wangu." Mama yake hakuomba. Alikoroga ugali kwa hasira mpaka mwiko ukagonga pembeni ya sufuria, kisha akasema miaka yote mtaani anaitwa Mama Atupele, na sasa akiitwa ataitika kwa ajili ya nani. Atupele alitaka amjibu, lakini aliogopa akifungua mdomo atasema wasiende, na wasipokwenda, kilichobaki ni polisi.

Jumatano ikafika. Ofisi ya vitambulisho pale Vwawa ilikuwa na benchi moja refu na dirisha moja, na afisa wa siku hiyo alikuwa mama wa makamo, mstaarabu, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Atupele alijifunga kilemba mpaka kwenye nyusi. Sura yake ilikuwa ndani ya kompyuta ya afisa, umbali wa mkono mmoja, na kilichohitajika ni jina tu kuandikwa ili ijitokeze. Yeye ndiye aliyejaza fomu kwa kuwa baba yake hasomi vizuri. Aliandika Atupele Yonathani Nzunda kwa mkono wake, kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa, kwa ajili ya mtu mwingine.

Afisa alisoma cheti cha darasa la saba, akasoma barua ya mtendaji wa kijiji, akaweka miwani sawasawa.

"Mzee, huyu ni mwanao wa kumzaa?"

"Ndiyo," alisema mzee Yonathani, na akamshika Ferista bega.

"Mbona amechelewa hivi kujiandikisha? Kazaliwa wapi?"

Hapo ndipo mzee alipotakiwa kujibu kwa kifupi. Lakini alikuwa na woga, na mzee Yonathani akiwa na woga huongea. Na alipoanza kuongea alisema kweli, maana uongo mrefu hakuuweza.

"Kazaliwa Igamba, njiani," alisema. "Ilikuwa mwezi wa saba, kahawa imeiva, baridi ya kuuma. Mama yake alishikwa uchungu shambani. Nikampakia kwenye baiskeli, nasukuma, hatujafika zahanati, akaniambia simama. Nikatandika koti langu. Hakulia huyu. Alitoka kimya, mweupe, nikajua amekufa kama wale wawili waliomtangulia. Nikampulizia mdomoni, sijui nani alinifundisha. Nikampulizia, nikampulizia, ndipo akakohoa. Nikasema Mungu ametupa. Ndiyo jina lenyewe hilo, Atupele." Akamtazama Ferista, akatikisa kichwa. "Huyu hapa. Nilimpulizia mimi mwenyewe."

Atupele hakuwa amewahi kusikia habari hiyo. Miaka ishirini na mitatu hakuna aliyemwambia kwamba alitoka kimya, wala kwamba wapo wawili waliomtangulia. Sasa aliisikia ikikabidhiwa kwa mwanamke mwingine, dirishani, ili iingizwe kwenye mafaili. Alimtazama Ferista na kumwona ameinamisha kichwa, naye ameguswa na aibu ya kupokea kitu kikubwa namna ile.

Afisa alikuwa amelainika. "Mungu mkubwa, mzee," alisema. Kisha, kwa kawaida tu, akamwelekezea kalamu Atupele. "Na huyu binti, ni nani yako?"

Mzee Yonathani aligeuka. Macho yake yakakutana na ya Atupele.

"Huyu simfahamu," alisema. "Ni mwanafunzi tu. Anatusaidia kuandika."

"Haya. Weka dole hapa, mzee, uthibitishe." Afisa akasogeza kidau cha wino.

Mzee akachovya dole gumba. Dole lilizunguka juu ya karatasi, likitafuta mahali pa kutua. Atupele alijua vizuri kilicho upande wa pili wa sekunde ile. Alijua chuo, jopo la nidhamu, vyeti, mkopo, alijua vifungu kwa namba zake. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Na katikati ya kuogopa huko aliona mkono wake mwenyewe umemkamata baba yake kifundo cha mkono.

"Baba," alisema. "Usiweke."

Afisa alivua miwani.

"Umemwita nani?"

"Mwache," mzee Yonathani alisema haraka, "mwache, mama, watoto wa siku hizi kila mzee ni baba—"

"Ni baba yangu," Atupele alisema. Sauti ilimtoka nyembamba, karibu haisikiki, akairudia. "Ni baba yangu mzazi. Mimi ndiye Atupele. Huyu ni Ferista Enoka Haonga wa Isansa, na nimesoma kwa jina lake tangu darasa la saba. Ukiliandika hapo utaniona mimi. Yeye hana kosa lolote, alikuja kutafuta kilicho chake."

Afisa aligeukia kompyuta, akaandika kwa vidole viwili, polepole, herufi moja moja. Akatazama skrini. Akatazama chini ya kilemba. Kisha akanyanyuka, akafunga mlango wa nje kwa ufunguo, akapiga simu ndani kwa bosi wake, akasema mtu yeyote asiondoke humu.

Ferista alimtoa mtoto mgongoni, akampakata. Alikuwa analia bila sauti. "Dada, ungeacha tu," alisema. "Mimi ningelitunza."

"Najua," Atupele alijibu.

Nyayo za mtu zilisikika zikija koridoni. Afisa alirudi kitini, akaivuta ile fomu, akaipiga mstari mrefu toka pembe hadi pembe, akachukua nyingine nyeupe. Kabla hajauliza chochote, mzee Yonathani alikuwa amekwishasimama, dole likiwa bado na wino, amemshika binti yake kilembani na kukivua ili uso wake wote uonekane.

"Huyu ndiye," alimwambia afisa, akamwambia na mtu aliyekuwa akiingia kwa mlango wa ndani, akawaambia na watu wa benchi wasiomuuliza. "Yule niliyempulizia. Ni wangu. Kama ni kumfunga, andikeni ni wangu."